JEZI YA TAIFA NA CHETI CHA KUZALIWA

Mwezi wa Aprili mwaka 2018 miji mitatu ya nchi yetu, Ngozi, Muyinga na Gitega, ilipewa heshima ya kuwakaribisha vijana wa mataifa jirani waliokuja kushindania kikombe cha CECAFA cha wachezaji ambao umri wao haukuzidi miaka 17. Uwanja wa Umuco wa Muyinga na uwanja wa Ingoma wa hapa Gitega ilishuhudia kabumbu safi la vijana. Kikombe kilichukuliwa na Tanzania, ambayo iliishinda Somalia mabao 2 kwa bila katika fainali mjini Ngozi. Hata hivyo, mashindano yale yalikuwa na vishindo vingine ambavyo havikutokea uwanjani. Zanzibar ilifukuzwa mashindanoni kwa sababu ilileta vijana waliozaliwa kabla ya tarehe 1 Januari 2002, ambayo ndiyo iliyokuwa mpaka wa umri. Ethiopia nayo ilinyang'anywa ushindi wake juu ya Somalia kwa kosa la namna hiyo hiyo. Mabao yalikuwa yamefungwa, watazamaji walikuwa wamekwisha kuyahesabu, kisha karatasi ikayafuta.

Ndugu msomaji, kila kijana anayetamani kuichezea nchi yake huulizwa maswali mawili kabla hajaulizwa kama anajua kupiga mpira. Swali la kwanza ni la lini: ulizaliwa lini? Swali la pili ni la wapi na nani: ulizaliwa wapi, nawe ni mtoto wa nani? Kwa swali la kwanza wataalamu wamepata mashine ya kupiga picha kifundo cha mkono na kutazama kama mifupa imekwisha kuungana, na mashine hiyo imetumika katika mashindano ya vijana tangu mwaka 2009. Kwa swali la pili mashine hiyo haifai kitu. Inaona mfupa, haioni kilima alikozaliwa bibi. Hapo ushahidi ni karatasi, na karatasi hiyo, kwa sisi wa Burundi, huandikwa katika ofisi ya tarafa na mtumishi mwenye kalamu, mbele ya baba au mama aliyefunga safari kwenda kusema kwamba mtoto amezaliwa.

Ni jambo hili la swali la pili ambalo ningependa tulizungumze leo katika kurasa zetu za nyumbani, maana linawagusa wanajeshi, polisi na jamaa zao kuliko wanavyodhani.

KANUNI YASEMAJE

Watu wengi, hata baadhi ya wapenzi wa mpira wenye maneno mengi, huamini kwamba mtu huchezea nchi aliyozaliwa. Si kweli. Kanuni za FIFA huanza na uraia. Mchezaji wa timu ya taifa lazima awe raia wa taifa lile, tena raia wa kudumu, ambaye uraia wake hautegemei kukaa kwake mahali fulani. Ikiwa hana uraia huo, kuzaliwa katika nchi hakumsaidii neno. Mahali pa kuzaliwa huingia baadaye, wakati mtu anapopata uraia mpya na kutaka kuchezea taifa hilo jipya. Hapo ndipo FIFA inapouliza: je, una kamba gani inayokufunga na nchi hii? Kamba zinazokubaliwa ni kuzaliwa katika ardhi yake, au kuwa na mama au baba aliyezaliwa humo, au babu au bibi aliyezaliwa humo. Asiye na hata moja kati ya hizo hana budi kuwa ameishi humo kwa miaka.

Miaka hiyo nayo ina historia yake. Zamani mambo yalikuwa holela. Wazee wetu wanakumbuka habari za Alfredo Di Stéfano, aliyevaa jezi za Argentina, Kolombia na Hispania, na Ferenc Puskás wa Hungaria aliyekwenda katika Kombe la Dunia la mwaka 1962 akiwa Mhispania. Mwaka 2004 Qatar ilitaka kuwapa uraia Wabrazili waliokuwa wakicheza mpira wa kulipwa Ujerumani, watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na nchi ile. FIFA ikashtuka, ikaweka sharti la kuishi nchini miaka 2. Mwaka 2008 sharti likawa miaka 5 baada ya mchezaji kutimiza umri wa miaka 18. Mwaka 2020 likalegezwa kwa ajili ya waliohamia utotoni: aliyeingia nchi kabla ya kutimiza miaka 10 anahitaji miaka 3 tu, na aliyeingia kati ya miaka 10 na 18 anahitaji 5.

Majirani zetu wa Tanzania walikumbana na somo hili mwezi wa Januari 2025, wachezaji watatu wa Singida Black Stars, mmoja Mghana, mmoja wa Ivory Coast na mmoja wa Guinea, walipopewa uraia wa Tanzania. Mabishano yalikuwa makubwa. Lakini kwa kanuni za kimataifa uraia ule peke yake haukutosha kuwavisha jezi ya Taifa Stars. Waziri anaweza kumpa mtu pasipoti. Hawezi kumpa bibi aliyezaliwa Singida.

Wako waliojaribu hata hilo. Mwezi wa Juni 2025 Malaysia iliifunga Vietnam mabao 4 kwa bila, na nchi nzima ikashangilia. Mwezi wa Septemba FIFA ikatoa hukumu: wachezaji saba wa Malaysia, waliozaliwa ng'ambo, walikuwa wameingizwa kwa hati zilizosema kwamba babu na bibi zao walizaliwa Malaysia. FIFA ilitafuta vyeti vya asili, ikakuta kwamba wazee wale walizaliwa Argentina, Brazili, Hispania na Uholanzi. Wafu walikuwa wamehamishwa makwao kwa kalamu.

MBAYUWAYU WALIORUDI KIOTANI

Kwa upande wetu, habari njema ya kanuni hizi ina jina, nalo ni Saido Berahino. Alizaliwa Bujumbura tarehe 4 Agosti 1993, mwaka ule ambao nchi iliingia katika vita. Baba yake alifariki wakati wa vita. Mwaka 2004, akiwa mtoto wa miaka 10, alifika Uingereza akaungana na mama yake mjini Birmingham. Alikua katika klabu ya West Bromwich Albion, akazichezea timu za vijana za Uingereza moja baada ya nyingine, na mwaka 2010 alikuwamo katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa Ulaya wa vijana chini ya miaka 17. Mwezi wa Novemba 2014 aliitwa katika timu kubwa ya Uingereza. Akakaa benchi. Hakuingia uwanjani hata dakika moja.

Dakika ile ambayo hakuipata ndiyo iliyotupatia mchezaji. Kanuni iliyokuwapo wakati huo iliruhusu mchezaji aliyechezea timu za vijana za taifa moja ahamie taifa jingine mara moja tu katika maisha yake, mradi awe hajacheza pambano rasmi la timu ya wakubwa, na mradi alipocheza kwa mara ya kwanza katika timu ile ya kwanza awe tayari ni raia wa hilo taifa jingine. Itazame vizuri sharti la mwisho. Haikutosha kwa Berahino kuwa Mrundi mwaka 2018 alipotaka kurudi. Ilimpasa awe alikuwa Mrundi tangu pale alipovaa fulana ya watoto wa Uingereza. Uraia wa kuzaliwa ndio uliombeba.

Mwezi wa Septemba 2018 alivaa jezi ya Intamba mu Rugamba kwa mara ya kwanza, ugenini dhidi ya Gabon, akafunga bao, pambano likaisha 1 kwa 1. Tarehe 23 Machi 2019 Gabon wakaja Bujumbura. Mtakumbuka kwamba nyota wa Gabon alikuwa Pierre-Emerick Aubameyang, mzaliwa wa Laval nchini Ufaransa. Cédric Amissi akatufungia, wageni wakasawazisha, na kwa sare ile Burundi ikafuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu ipate uhuru mwaka 1962.

Huko Misri hatukupata hata pointi moja. Nigeria walitufunga 1, Madagaska 1, Guinea 2. Na lile bao la Madagaska, mkwaju wa adhabu uliotutoa machozi, lilipigwa na Marco Ilaimaharitra, naye ni mzaliwa wa Mulhouse, Ufaransa. Anayelalamika kwamba wenzetu huokota wachezaji Ulaya basi akumbuke kwamba nasi tulikuwa na wetu: Berahino wa Birmingham, na Gaël Bigirimana, mzaliwa wa Bujumbura aliyekulia Coventry, akachezea vijana wa Uingereza kabla ya kurejea kwetu, na ambaye Watanzania walimwona baadaye katika Yanga. Elvis Kamsoba naye alikulia Australia. Hakuna aibu katika jambo hili. Morocco ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la mwaka 2022 ikiwa na wachezaji 14 kati ya 26 waliozaliwa nje ya Morocco.

Wapo pia ambao hawakurudi, nao ni wengi. Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura, akacheza Yanga ya Dar es Salaam, akafika fainali ya klabu bingwa ya Ulaya mwaka 2004 akiwa na Monaco, na jezi aliyoivaa ni ya Kongo. Mohamed Tchité alizaliwa Bujumbura vile vile, kwa baba Mkongo na mama Mnyarwanda. Alipata uraia wa Ubelgiji, nchi ambamo alikuwa mfungaji hodari, lakini FIFA haikumruhusu kuichezea Ubelgiji kwa kuwa alikuwa amekwisha kuvaa jezi ya Rwanda. Mtu mwenye milango minne akakuta ameufunga ule aliotaka kuupita.

Na yuko kijana ambaye habari zake zimewaunguza wengi. Nestory Irankunda alizaliwa Kigoma tarehe 9 Februari 2006, kwa wazazi Warundi waliokimbilia Tanzania. Akapelekwa Australia angali mtoto mchanga, akakulia Adelaide, akajiunga na Bayern Munich mwaka 2024. Mwezi wa Juni mwaka huo huo aliichezea Australia kwa mara ya kwanza dhidi ya Bangladesh, na siku chache baadaye akaifungia bao dhidi ya Palestina. Nimesikia watu wakimwita msaliti. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Damu yake ni ya Burundi, ardhi aliyozaliwa ni ya Tanzania, na shule, daktari na uwanja wa kwanza wa nyasi alivipata Australia. Mtoto hakuchagua kukimbia. Kwa kanuni ya mwaka 2020 mchezaji anaweza kubadili taifa ikiwa mapambano aliyoyacheza katika timu ya wakubwa hayazidi matatu, yote kabla hajatimiza miaka 21, na iwapo miaka 3 imepita tangu pambano la mwisho. Irankunda amekwisha kuvuka hesabu hiyo. Mlango umefungwa, na yafaa tumshangilie kama mtoto wa jirani aliyefanikiwa.

Tunachoweza kujiuliza ni juu ya hao ambao milango yao bado i wazi, na ambao pengine sasa hivi wanachezea mpira wa makaratasi na kamba nyuma ya nyumba za kambi ya jeshi.

JINA LISILOMTAJA BABA

Hapa lazima niseme neno kuhusu majina yetu. Katika nchi nyingi jina la mtoto humtaja baba yake, hata mgeni akilisoma anajua huyu ni wa nyumba ipi. Kwa Warundi sivyo. Baba anaweza kuitwa Ndikumana, mtoto wake wa kwanza Niyonkuru, wa pili Nshimirimana, na binti yake Irakoze. Ndugu watatu wa tumbo moja wana majina matatu, na hakuna hata moja linalosema baba ni nani. Sisi wenyewe hatuoni taabu, maana kilimani kila mtu anamjua mwenzake. Lakini mchukue kijana huyo umweke mbele ya ofisa wa Zurich au wa Cairo ambaye hajui kilima wala jirani. Atamwulizia babu yake, naye ataonyesha jina lisilofanana na lake wala la baba yake. Karatasi pekee inayoweza kuyaunganisha majina hayo matatu ni cheti cha kuzaliwa. Mzungu anaweza kupoteza cheti akabaki na jina la ukoo. Mrundi akipoteza cheti, kwa macho ya mgeni amepoteza ukoo.

Kwa ndugu zetu Waislamu wa Muyinga, wa mitaa ya Waswahili ya Gitega na wa Buyenzi, kuna tatizo la pili, nalo ni la herufi. Hamisi wa Tanzania huku kwetu huandikwa Amissi, Juma huwa Djuma, Rajabu huwa Radjabu, kwa kuwa tarafa zetu zilijifunza kuandika kutoka kwa Wabelgiji. Kutoka mji wa Muyinga hadi mpaka wa Kobero si safari ndefu, na ng'ambo ya mpaka ni wilaya ya Ngara. Familia zimeoana, watoto husoma huku na kulala kule. Mtoto mmoja huandikishwa Djuma upande huu, kisha akaandikwa Juma katika shule ya upande ule, na mwalimu asiyeona cheti akakadiria mwaka wa kuzaliwa kwa kumtazama kimo. Akiwa na miaka kumi hayo ni mambo ya kuchekesha. Akiwa na miaka kumi na minane, huyo ni watu wawili.

Msidhani natia chumvi. Mwaka 2014 Rwanda iliitoa Libya katika michezo ya kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mabao matatu ya mshambuliaji aliyeitwa Daddy Birori, kisha ikaitoa Kongo-Brazzaville kwa mikwaju ya penalti. Wakongo wakakata rufaa. Ikagundulika kwamba Birori wa Rwanda ndiye Etekiama Agiti Taddy wa klabu ya AS Vita ya Kinshasa, mwenye jina jingine na tarehe nyingine ya kuzaliwa. Mwezi wa Agosti Rwanda ikaondolewa mashindanoni, nafasi ikachukuliwa na Kongo-Brazzaville. Taifa zima lililipa deni la karatasi mbili za mtu mmoja.

Kwa jambo hilo, Tanzania ina somo jingine kutoka upande wa wakimbizi. Mshambuliaji Kibu Denis, ambaye familia yake ilitoka Kongo ikakimbilia Kigoma, alipoitwa Taifa Stars mwaka 2021 ikazuka hoja ya uraia wake, na ilibidi apewe uraia ndipo njia ifunguke. Tena kumbukeni wale Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kuishi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wapatao 162,000 walipewa uraia wa Tanzania, na mwaka 2014 walianza kukabidhiwa vyeti vyao. Watoto wao wanaocheza mpira pale Ulyankulu ni Watanzania halali. Burundi ni nchi ya babu zao, kamba ya FIFA ipo, lakini Tanzania hairuhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo kamba hiyo haiwezi kuvuta kitu mpaka mmoja wa uraia uachwe.

WATOTO WA KAMBINI

Sasa nije nyumbani kwa msomaji wangu. Askari huandikishwa Gitega, akaoa, akahamishiwa Muyinga, mkewe akajifungulia kwa mama yake Karusi, na baba akapata habari akiwa kazini. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2007, kwa miaka mingi wanajeshi wetu walilinda amani Somalia, na watoto wengi walizaliwa wakati baba zao wako mbali. Sheria ya watu na jamaa ya mwaka 1993 imeweka muda wa siku 15 tangu kuzaliwa ili mtoto atangazwe ofisini na kuandikwa. Siku 15 ni chache kwa mama aliyejifungua majuzi, mwenye mume asiyekuwapo na watoto wengine wa kulisha. Mara nyingi husema, «Tutamngoja baba.» Baba anaporudi siku 15 zimekwisha zamani, na tangu hapo jambo si la ofisi tena, hapana budi kwenda mahakamani kutafuta hukumu ya kuthibitisha kuzaliwa.

Mama asingoje. Tangazo la kuzaliwa linaweza kupelekwa na mama mwenyewe au na jamaa, wala halihitaji kusubiri likizo ya askari. Mwenye cheti cha ndoa akichukue, kwa sababu ndicho kinachomfanya mtumishi aandike jina la baba bila wasiwasi. Kabla ya kuondoka dirishani asome kilichoandikwa, herufi kwa herufi: jina la mtoto, la baba, la mama, kilima, tarafa, tarehe. Kama baba ni Amissi katika kitambulisho chake cha kijeshi, basi awe Amissi na katika cheti cha mtoto, hata kama nyumbani wanamwita Hamisi. Kosa la herufi lililoonekana siku ile hurekebishwa kwa dakika tano. Likionekana baada ya miaka ishirini ni shauri la hakimu, na hakimu ana haki ya kumshuku kijana anayeomba kubadili tarehe mwezi mmoja kabla ya mashindano.

Mahali pa kuzaliwa ni pale mtoto alipozaliwa, wala si pale baba anapotoka wala kambi anamofanyia kazi. Wapo wazazi wanaoona fahari kuandika kilima cha mababu hata kama mtoto alizaliwa hospitali ya mji mwingine. Fahari hiyo haina faida yoyote, maana undugu huthibitishwa na majina ya wazazi. Na sasa kuna mtego mpya. Kwa sheria ya mwezi Machi 2023 mikoa ya Burundi ilipunguzwa kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42, na mpango huo ulianza kutumika mwaka 2025. Gitega imebaki jina la mkoa, lakini Muyinga si mkoa tena. Ni tarafa katika mkoa wa Buhumuza pamoja na nchi za Cankuzo na Ruyigi. Kijana mwenye cheti cha zamani kilichoandikwa «mkoa wa Muyinga» asidanganywe kwamba kimekufa, wala asimpe mjanja yeyote fedha ili «akisasishe». Jina lililokuwapo siku ya kuandikwa ndilo jina sahihi la siku ile. Katika macho ya mchunguzi, karatasi kuukuu yenye muhuri wa zamani huaminika kuliko mpya iliyochapwa jana.

Limebaki jambo moja ambalo halirekebishwi kwa kusoma herufi, nami naona haifai kulipita kimya kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni akina mama. Sheria yetu ya uraia ya tarehe 18 Julai 2000 ilifanya jambo jema: Mrundi anayepata uraia wa nchi nyingine hapotezi wa kwetu kwa sababu hiyo tu, na bila hilo wachezaji kama Berahino wangekuwa na taabu kubwa. Lakini katika kuzaliwa, sheria ile ilifuata damu ya baba. Mtoto wa baba Mrundi ni Mrundi popote azaliwapo, awe Kigoma au Birmingham. Mtoto wa mama Mrundi na baba mgeni hakupewa haki hiyo hiyo. Mama alihesabiwa pale tu baba asipojulikana au asipomkubali mtoto.

Na kanuni za mpira zinasemaje? Zinamtaja mama kwa pumzi moja na baba, na bibi kwa pumzi moja na babu. Binti wa Muyinga aliyeolewa Ngara akimzaa kijana mwenye miguu ya dhahabu, kwa FIFA kamba imekamilika, kwa kuwa mama yake amezaliwa Burundi na hakuna anayeweza kulipinga. Lakini swali la kwanza la FIFA lilikuwa uraia, na hapo ndipo kijana huyo anapokwama kwetu. Baba yake Mtanzania amemrithisha uraia wa Tanzania tangu siku ya kwanza. Mama yake, aliyempeleka likizo zote kwa babu huko Muyinga na kumfundisha Kirundi, sheria haikumpa cha kumrithisha. Akitaka kuwa mbayuwayu, kijana huyo atauomba uraia wetu kama mgeni mwingine, na auache wa Tanzania. Mahali pa kuanzia ni wizara ya sheria. Kocha hata akimtamani vipi, hana dirisha la kumhudumia.